Kuku walioshiba walivyokufa njiani: jinsi wanyama wa damu moto wanavyotunza joto la mwili

Mwezi wa Januari, katika zile siku za kaskazi ambazo mtu anatoka jasho hata akiwa kivulini, simu ya studio yetu ilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja anayenunua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka sokoni mjini. Asubuhi hiyo alikuwa amepakia kuku 60 katika matenga matatu. Kabla ya kuwapakia aliwapa pumba na mahindi mpaka wakashiba, akawapa na maji. Matenga yakawekwa kwenye buti la basi. Saa nane mchana buti lilipofunguliwa, zaidi ya nusu ya kuku walikuwa wamekufa, midomo wazi, na waliobaki walikuwa wanahema kama vile wamekimbizwa na mbwa kutwa nzima.

"Hawakuwa na kideri, hawakuwa na mafua," alisema yule mama. "Niliwalisha vizuri kwa ajili ya safari. Sasa nimekosea wapi?"

Jibu fupi tulilitoa hewani wiki ile ile. Lakini baada ya kipindi zilikuja simu nyingine nyingi: mfugaji ambaye ng'ombe wake anapunguza maziwa kila kiangazi, mwingine anayekuta vitoto vya mbuzi vimekakamaa alfajiri ya mwezi wa Julai, na bibi aliyeuliza kwa nini mjukuu wake hutetemeka kwa baridi huku mwili unachoma. Maswali yote haya yana mzizi mmoja, ndiyo maana tumeona tuyaweke kwa maandishi, mtu ayasome kwa nafasi yake.

Jiko lisilozimwa

Ndege, pamoja na wanyama wote wanaonyonyesha watoto wao, huitwa wanyama wa damu moto. Jina hilo linapotosha kidogo. Mjusi kafiri aliyeota jua juu ya jiwe saa sita mchana anaweza kuwa na damu yenye joto kama letu. Tofauti ni kwamba joto lake amelipata nje, na jua likizama analipoteza. Usiku atakuwa wa baridi kama lile jiwe. Mbuzi aliyelala karibu na jiwe hilo hilo atakuwa na joto lile lile mchana na usiku, kasoro ya nyuzi moja hivi. Yeye jiko lake liko ndani.

Kila aina ya mnyama ina kiwango chake. Binadamu ni nyuzi 37 za Selsiasi, punda anakaribiana naye. Ng'ombe ni kama 38.5, mbwa vivyo hivyo, nguruwe na kondoo ni 39, mbuzi hufika 39 na nusu bila kuwa na ugonjwa wowote. Kuku anawazidi wote hawa: 41 hadi 42. Ukimshika kuku mzima ukamwona wa moto, usikimbilie kusema ana homa. Joto ambalo lingemlaza mtu hospitali ndilo joto la kawaida la kuku.

Kuni za jiko hilo ni chakula. Ini, moyo, ubongo na misuli huunguza chakula polepole, bila moshi, mchana na usiku, na kila kazi inayofanyika mwilini huacha joto. Mtu mzima aliyekaa tu bila kufanya kazi hutoa joto la kama wati 80 hadi 100, yaani sawa na ile globu ya zamani ya wati 100 iliyokuwa ikiunguza vidole ukiigusa. Ndiyo sababu chumba cha mkutano kilichojaa watu huwa na joto hata usiku wa mvua. Ng'ombe wa kisasa anayekamuliwa maziwa mengi hutoa zaidi ya wati 1,000. Huyo ni pasi ya umeme iliyosimama zizini, na haina swichi ya kuzimia.

Gharama yake ni kubwa. Mamba akishakamata nyumbu mmoja katika Mto Mara anaweza kukaa wiki nyingi bila kula tena, kwa sababu halishi jiko lolote. Lakini kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na harufu kali, anahitaji kula karibu uzito wake mwenyewe kila siku, na akikosa chakula siku moja tu anaweza kufa. Sehemu kubwa ya pumba unayompa kuku wako haigeuki nyama wala yai. Inakwenda kulipia joto.

Anayesimamia jiko hili ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo kwa mtu haizidi sana ukubwa wa korosho. Inapata habari kutoka kwenye ngozi na kutoka kwenye damu yenyewe inayopita hapo. Damu ikizidi joto, inaamuru mishipa ya ngozi itanuke, jasho litoke, pumzi iende haraka, mnyama atafute kivuli na aache kula. Ikipoa, inaamuru kinyume chake. Mnyama mwenyewe hajui lolote kati ya hayo. Anajisikia tu kutaka kusogea mtini.

Joto linatokea wapi

Hapa ndipo kuku wa yule mama walipokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Joto la mwili lina njia chache za kutoka. Linaweza kupita kwenye kitu cha baridi unachokigusa, kama mbwa anavyojilaza kifudifudi kwenye sakafu ya saruji. Linaweza kubebwa na upepo. Linaweza kutoka lenyewe kama miale, vile unavyohisi joto la ukuta uliopigwa na jua hata kabla hujaugusa. Njia hizi zote tatu zina sharti moja: lazima kitu cha nje kiwe baridi kuliko mwili. Hewa ikiwa na nyuzi 25, joto linatoka bila shida. Ikifika 35, linatoka kwa tabu. Ikipita joto la ngozi yako, basi njia zinageuka, na upepo wenyewe unaanza kukuletea joto badala ya kuliondoa.

Inabaki njia moja tu, nayo kila nyumba yenye mtungi inaifahamu. Mtungi wa udongo "hutoka jasho": maji kidogo hupenya udongo, hufika nje, hukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Maji ya ndani yanapoa ingawa jua ni kali. Lita moja ya maji ikikauka kuwa mvuke inaondoka na joto kubwa ajabu, zaidi ya mara saba ya lile linalohitajika kuipasha lita hiyo hiyo kutoka kwenye ubaridi wa mtungi mpaka ianze kuchemka. Jasho la mtu ni mtungi. Ulimi wa mbwa ni mtungi. Koo la kuku ni mtungi.

Lakini mtungi nao una sharti lake. Ndugu zetu wa Dodoma na Singida wanajua maji ya mtungini yanavyopoa vizuri kiangazi, wakati mtungi wa aina ile ile ukipelekwa Tanga au Pemba wakati wa kaskazi hausaidii sana. Hewa ya pwani tayari imejaa mvuke, maji hayakauki haraka. Kwa sababu hiyo nyuzi 32 za Tanga zinaweza kumtesa mnyama kuliko nyuzi 35 za Dodoma. Mfugaji anayesikiliza kiwango cha joto peke yake kwenye utabiri wa hali ya hewa amesikia nusu ya habari. Asikilize na unyevu.

Sasa tazama tenga lile. Kuku hana jasho hata tone, na manyoya yamemfunika kama koti. Anapokuwa huru hupoza damu yake kwenye undu, kwenye ndevu zake nyekundu na miguuni, huinua mabawa ili upepo upite kwapani, na joto likizidi hupanua mdomo akahema huku ngozi ya koo ikipepea. Ndani ya tenga lililobanana hakuna nafasi ya kuinua bawa. Jirani wa kulia na wa kushoto wana nyuzi 41 kama yeye, kwa hiyo kuwaegemea ni kuegemea majiko. Buti limefungwa, hewa haitembei, na pumzi za kuku 60 zimeifanya iwe na unyevu kuliko hewa ya pwani. Wanahema, lakini koo halikauki. Kuhema kwenyewe ni kazi ya misuli, nayo inaongeza joto. Na lile pumba la asubuhi linasagwa tumboni, likitoa joto lake pia. Kuku akikaribia nyuzi 47 hufa. Kutoka 41 mpaka hapo ni hatua fupi.

Yule mama alilisha kwa huruma, na huruma yake ikaongeza kuni kwenye jiko lililofungwa madirisha. Tunasema hivi bila kumlaumu, maana wengi wetu tungefanya vile vile.

Kila mmoja na mtungi wake

Binadamu ni bingwa wa jasho. Ngozi yetu ina vitundu vya jasho kati ya milioni mbili na nne, na anayelima juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, hata zaidi. Punda na farasi nao hutoka jasho vizuri. Ng'ombe hutoka jasho kiasi, na huongezea kwa kuhema. Mbuzi, kondoo na mbwa hutegemea zaidi kuhema. Jasho la mbwa liko kwenye nyayo tu, na halimsaidii sana. Nguruwe hana jasho la maana, ndiyo sababu anajigaragaza kwenye matope. Watu humwita mchafu, lakini tope humfaa kuliko maji matupu kwa sababu linashika ngozini na kuchukua muda mrefu kukauka. Mnyime tope na kivuli, umemnyima jasho lake. Tembo naye, mwenye mwili mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, hupaka tope, na huongezea kwa kupepea masikio: ni mapana, ngozi yake nyembamba imejaa mishipa, na damu inayopita humo hurudi mwilini ikiwa imepoa.

Mbuzi, kondoo, ng'ombe na swala wana kitu kingine ambacho sisi na punda hatuna. Chini ya ubongo wao kuna mtandao wa mishipa midogo midogo. Damu iliyopozwa puani kwa kuhema inarudi ikipita kando ya damu ya moto inayopanda kichwani, na kuipunguzia joto kabla haijafika kwenye ubongo. Mwili unaweza kuwa na joto, kichwa kikabaki na nafuu.

Kuhema kuna gharama zake pia. Mfugaji wa kuku wa mayai atakuwa ameona maganda yanavyokuwa membamba kiangazi, mengine yanavunjika mkononi. Kuku anapohema sana hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi kutoka kwenye damu, na hewa hiyo inahitajika kutengeneza ganda. Watu wengi hununua chokaa ya kuongeza kwenye chakula, nayo si mbaya, lakini kama banda lina joto la tanuri, dawa ya kwanza ni dirisha.

Kwa ng'ombe, hesabu inaanzia tumboni. Tumbo lake la kwanza ni pipa la kuchachusha majani, na aliyewahi kuweka mkono kwenye pipa la pombe ya kienyeji inayochachuka anajua lina joto. Ukimpa chakula kingi saa nne asubuhi, joto la kuchachuka linamfikia katikati ya mchana, wakati jua nalo liko juu yake. Ng'ombe mwenyewe anajua, ndiyo maana anaacha kula, na asipokula maziwa hupungua. Mpe sehemu kubwa ya chakula alfajiri na jioni. Maji yawepo mchana kutwa, na yawe kivulini: ng'ombe mkubwa wa maziwa siku ya joto anaweza kunywa lita 100.

Wafugaji hutuuliza mara nyingi kwa nini ng'ombe wa asili wanavumilia jua linalomwangusha Friesian. Ng'ombe wetu wenye nundu wana nywele fupi zinazong'aa, ngozi iliyolegea yenye vitundu vikubwa vya jasho, na jiko lao linawaka kidogo zaidi. Friesian alitokea Ulaya kwenye baridi. Huanza kulemewa hewa ikipita nyuzi 25 hivi, hasa kukiwa na unyevu. Mwenye Friesian mahali pa joto asijenge banda la kuta nne kana kwamba anaogopa wezi wa upepo. Paa refu, pande zilizo wazi, na mti mkubwa jirani.

Kuhusu ngamia, watu husema anahifadhi maji nunduni. Nunduni kuna mafuta. Siri yake ilifanyiwa uchunguzi na mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen, aliyekwenda na wenzake kwenye jangwa la Sahara huko Béni Abbès, Algeria, mwaka 1953. Walipima joto la ngamia asiyepewa maji wakakuta alfajiri ana nyuzi 34, na jioni amepita 40. Kwetu sisi hiyo ni safari ya kutoka kuganda mpaka kuungua. Ngamia haoni haja ya kutoka jasho mapema. Anaacha mwili upande joto mchana kutwa, kisha analitoa bure usiku hewa ikipoa. Kwa njia hiyo anaokoa lita kama tano za maji kwa siku. Walipomnyoa ngamia mmoja manyoya, alitumia maji zaidi kwa nusu kuliko mwenzake ambaye hakunyolewa. Manyoya yale ni koti la usiku na ni mwavuli wa mchana.

Upande wa baridi

Tonge la ugali likiachwa sahanini linapoa upesi, lakini ugali wenyewe kwenye sufuria unabaki na joto mpaka watu wamalize mazungumzo. Kitu kidogo kina ngozi nyingi kuliko tumbo, tuseme hivyo, na joto hutokea kwenye ngozi. Ndiyo maana baridi ya Makete au Njombe mwezi wa Julai haimtishi ng'ombe aliyeshiba, ila inaua kifaranga kabla ya jogoo kuwika.

Mnyama mzima akisikia baridi, kwanza hufunga milango. Mishipa ya ngozi inajikunja, damu inakimbilia ndani, na vidole na masikio vinapoa. Nywele husimama ili kushika hewa katikati yake. Sisi tusio na manyoya tunabaki na vile vipele tu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ndege hujivimbisha. Baridi ikizidi, misuli inaanza kutetemeka. Kutetemeka ni kuwasha jiko kwa makusudi, misuli ikifanya kazi bila kwenda popote, na huchoma chakula haraka. Mnyama aliyelala na njaa hana cha kuchoma.

Adui mkubwa hapa ni maji. Manyoya makavu hushika hewa, yaliyolowa hayashiki chochote, na maji yanayokauka mgongoni hufanya kazi ile ile ya mtungi wakati usioitaka. Kitoto cha mbuzi kinazaliwa kimelowa. Kikaushwe mara moja, mama asipokilamba kikaushwe na gunia, kinyonye yale maziwa ya kwanza ndani ya saa chache, na kilale mahali pasipo na upepo wa chini. Kitoto cha mbuzi na cha kondoo huzaliwa na akiba ya mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yanayotoa joto bila kutetemeka. Kitoto cha nguruwe hakina mafuta hayo kabisa, kinatetemeka tangu saa ya kwanza, kwa hiyo usishangae vinapolaliana juu ya mama mpaka vingine vikakandamizwa. Viwekee kona yenye joto, pembeni ya mama.

Vifaranga hawawezi kujitunzia joto katika wiki mbili au tatu za mwanzo. Kwenye bruda wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza mbili au tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa au chungu cha mkaa, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na midomo wazi, wana joto. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika wakila na kulia kidogo kidogo, hapo ndipo.

Na tafadhali sana: chungu cha mkaa kisiwe kwenye chumba kilichofungwa, hasa chumba ambacho na watu wanalala. Moshi wa mkaa usioonekana huua vifaranga na mwenye vifaranga usiku mmoja. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta.

Mtoto mchanga wa binadamu yuko kundi moja na kitoto cha mbuzi. Ana yale mafuta ya kahawia mgongoni na shingoni, hatetemeki, na anapoa haraka, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ndiyo sababu wakunga hupangusa mtoto mara tu anapozaliwa, humlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, humvalisha kofia, na husema asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kumbeba kifuani kwa muda mrefu, ambako hospitali huita mtindo wa kangaroo, kulianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa vifaa vya kuwapasha joto watoto njiti. Kifua cha mama kina nyuzi 37 na hakihitaji umeme.

Homa ni kitu kingine

Tumebakiwa na swali la bibi. Siku ya jua kali mwili hupata joto dhidi ya matakwa yake, na ubongo unapigana kulipunguza. Kwenye homa ni kinyume. Ugonjwa unaifanya haipothalamasi ipandishe kiwango, kwa mfano kutoka 37 hadi 39, na tangu dakika hiyo ubongo unaiona 37 kuwa ni baridi. Mikono inapoa, mtoto anatetemeka, anaomba blanketi, huku kifua kinachoma. Homa ikishuka, blanketi linatupwa na jasho linamwagika.

Mtoto huyo asifunikwe mablanketi mazito, avae nguo nyepesi, anywe maji mara kwa mara, na apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Dawa ya kushusha homa hurudisha kiwango chini kwa muda, haiponyi kilichosababisha. Na haimfai kabisa mtu aliyezidiwa na jua shambani, anayeanza kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, ngozi ikiwa ya moto. Huyo kiwango chake hakijapanda, ila jasho lake limeshindwa. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwilini huku mkimpepea, na mkimbizeni hospitali.

Kwa mifugo, utata huu ndio unaowachanganya wengi. Ng'ombe mwenye nyuzi 40 saa tisa mchana anaweza kuwa amepigwa na jua, au ana ndigana. Mpime alfajiri, kabla hajatoka zizini. Kama hata saa hiyo anazidi 39 na nusu, mwite mtaalamu wa mifugo, na umwambie saa uliyopima.

Yule mama alitupigia tena mwezi wa Machi, anajiandaa kwa safari nyingine, akataka tumrudie maelekezo polepole ili aandike. Tulimwambia hivi. Asisafirishe mchana wa kaskazi, atafute gari la usiku au la alfajiri. Chakula asiwape kwa saa kadhaa kabla ya kupakia, maji awape mpaka dakika ya mwisho. Tenga lililobeba kuku 20 libebe 12. Likae juu au mahali panapopitisha upepo, lisiwekwe kwenye buti, na juu yake pasilale mzigo. Akiona midomo imeanza kufunguka na mabawa kulegea, asisubiri kufika: alifungue, awape maji, alowanishe undu na miguu yao mahali penye upepo. Kuwamwagia maji ndani ya sehemu iliyofungwa huongeza unyevu tu.

Akauliza kama kuna saa ya hatari zaidi njiani. Ipo. Gari likitembea, upepo unapita. Likisimama mizani au likiharibika, upepo unakufa, na joto ndani ya matenga hupanda kwa dakika chache. Dereva akizima injini, yeye ashuke akawaangalie kuku.